Fisi maji wa mto Kallang, Singapore: uzoefu wangu

Kwa mnaopita Singapore kikazi, kimasomo, au mnaosubiri ndege ya kuunganisha kwa saa nyingi: kuangalia fisi maji kando ya mto Kallang ni bure. Hakuna geti wala tiketi. Mimi nilikuwa huko kwa kozi fupi, na kwa kuwa vipindi vilianza saa tatu, asubuhi zangu nyingi ziliishia mtoni.

Nilianzia bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Unashuka treni stesheni ya Bishan, kisha unatembea. Hapo mto ulikuwa mfereji wa zege ulionyooka kama kilomita 2.7. Wakaubomoa, wakaurudishia kona, mawe na kingo za majani, na bustani ikafunguliwa upya 2012. Pazuri kweli, ila kwa fisi maji ni bahati nasibu. Ile familia maarufu inayoitwa ya Bishan ilipata jina hapo, halafu ikashuka na mto kwenda kutafuta maeneo mengine. Kuna siku unaambulia kenge na korongo tu.

Kwangu mimi mahali penyewe ni chini zaidi, Kallang Basin, ambako mto unapanuka kabla ya kuingia Marina. Tangu bwawa la Marina Barrage likamilike 2008, maji ya bahari hayaingii tena, na samaki wamejaa. Fisi maji wanakuja kama mtaa ni wao. Kwanza unasikia miluzi ya watoto, kisha vichwa vinajitokeza majini kwa mstari, na ghafla kundi zima liko kwenye njia ya waendao kwa miguu, manyoya yanachuruzika. Mmoja alipanda na sato mkubwa, akamlaza kwenye ngazi za zege, akamshika kwa mikono miwili na kuanzia kichwani. Nilikuwa mbali kiasi, lakini mifupa niliisikia ikivunjika. Mtoto wake alipojaribu kunyakua, mzee alimgeuzia mgongo akaendelea kula.

Wakishiba wanabingirika kwenye mchanga na nyasi mpaka wakauke, halafu wanajisaidia pamoja sehemu moja. Jamani, harufu! Ni kama dagaa walionyeshewa wakiwa kwenye chanja. Usisimame upande upepo unakoelekea.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Rubondo nimewahi kuwaona fisi maji wetu, wale wenye madoa shingoni, lakini kutoka kwenye boti, kichwa kimeibuka na kupotea. Kuwaona kwa karibu hivi katikati ya maghorofa ni jambo jingine. Na si kwamba walikuwepo siku zote: mito hii ilikuwa michafu kupindukia, na fisi maji walitoweka kwa miaka mingi. Kuanzia 1977 hadi 1987 serikali ilisafisha Mto Singapore na Kallang Basin, ikahamisha mabanda ya nguruwe na bata, ikawapangia wachuuzi sehemu nyingine. Fisi maji walianza kurudi mwishoni mwa miaka ya 1990, wenyewe, bila kuletwa na mtu. Nikaufikiria mto wetu Msimbazi wa Dar es Salaam, nikaguna.

Nililipia pia matembezi ya kuongozwa Jumamosi moja. Kampuni siitaji, ila sikuona thamani ya hela yangu: tulianza jua limeshakuwa kali, tuko wengi, mwongozaji na kipaza sauti chake. Fisi maji walikuwa wameshaondoka. Wazee wenye kamera za lenzi ndefu utakaowakuta ukingoni alfajiri wanajua zaidi, na ukiwasalimia vizuri watakuonyesha familia ipi iko wapi. Pia pitia ukurasa wa OtterWatch, wa watu wanaowafuatilia fisi maji, kwenye Facebook usiku wa kuamkia siku yako.

Ya kuzingatia: usiwalishe. Sheria ya wanyamapori ilikazwa 2020, na kosa la kwanza tu faini inafika dola 5,000 za kwao. Usijiingize kati ya wazazi na watoto. Mwaka 2021, kwenye Bustani ya Mimea, mwanamume mmoja aling'atwa zaidi ya mara 20 kabla hakujapambazuka. Alisema mkimbiaji aliyepita aliwakanyaga gizani, hasira zikamwangukia yeye. Kule jua linatoka karibu saa moja, kwa hiyo subiri kuona unapokanyaga. Jioni kuanzia saa kumi na moja nako kunafaa. Darubini ndogo inatosha.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya baiskeli: njia ni hiyohiyo moja, zinapita kwa kasi, na wewe macho yako yako majini.