Seti ya geji nne za kulinganisha kabureta: miezi minane ya matumizi Tabora

Pikipiki nyingi zinazopita mbele ya nyumba yetu hapa Isevya zina silinda moja na kabureta moja, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na mwenye nayo akitaka sailensi (mwendo wa chini wa injini pikipiki ikiwa imesimama) itulie huchukua bisibisi, akazungusha skrubu moja, akasikiliza kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Yangu ni Yamaha XJ600 ya silinda nne, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ina kabureta nne zilizopangwa kwa mstari. Ndani ya kila kabureta kuna kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ambacho mafundi hukiita bataflai, na bataflai moja ikifunguka kwa unene wa unywele zaidi ya nyingine, silinda yake hubeba mzigo mkubwa kuliko wenzake na injini nzima hutikisika. Ninachokitathmini hapa ni seti ya geji nne za vakyumu, yaani za kupimia mvuto wa hewa wa kila silinda, ambayo niliiagiza Kariakoo, ikaletwa kwa basi, na ikanigharimu shilingi 145,000 pamoja na gharama ya mzigo. Nimeitumia mara tano kwenye pikipiki yangu na mara mbili kwenye pikipiki za wenzangu. Naiona kuwa kifaa chenye manufaa kwa mwenye silinda nne, lakini kwa sharti moja ambalo karatasi ya maelekezo iliyomo kisandukuni hailitaji hata kwa neno moja: geji hizo zisiaminiwe mpaka zimepimwa zenyewe kwa zenyewe.

Nilifikia uamuzi wa kuinunua baada ya kupoteza fedha mahali pengine. Injini ilikuwa ikitoa mlio wa kugongagonga upande wa kulia ikiwa kwenye sailensi. Ukibana mkono wa klachi mlio unapungua, ukiachia unarudi. Fundi mmoja aliyeusikia alisema bila kusita kwamba klachi imekufa, nami nikakubali, sahani zikabadilishwa, na mlio ukabaki vilevile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba klachi ilikuwa inasingiziwa. Silinda nne zinaposukuma kwa nguvu zisizolingana, mzunguko wa injini huenda kwa mikupuo, na bakuli la klachi, ambalo lina nafasi ndogo ya kucheza kwenye gia yake, hupigwa mbele na nyuma mamia ya mara kwa dakika. Simlaumu sana fundi yule, kwa kuwa hapa mjini ni nadra kuletewa mashine ya kabureta nne, lakini ningependa mwenye mlio kama huo alinganishe kabureta kwanza kabla ya kufungua kava ya klachi.

Kisandukuni mna geji nne za duara zilizofungwa kwenye bamba la chuma lenye kulabu, mipira minne myembamba, vibanio vinne vya plastiki vya kupunguza mtetemo wa mishale, na vichuchu vya shaba vya nyuzi za milimita 5 na milimita 6 kwa mashine ambazo matundu yake ya vakyumu yamezibwa kwa skrubu. Yangu haikuvihitaji, kwani vichuchu vyake vipo tayari vikiwa na vifuniko vya mpira. Uso wa kila geji una kipimo cha sentimita za zebaki kutoka 0 hadi 76. Hiyo 76 ni kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Tabora iko juu kwa takriban mita 1,200, hewa yetu ni nyepesi zaidi na kanieneo yake ni kama sentimita 66, kwa hiyo mshale hauwezi kufika mwisho hapa hata injini iwe mpya, na usomaji wa sailensi utakuwa pungufu kuliko ule anaoupata mtu wa Dar es Salaam kwa mashine ileile. Nimelitaja hili kwa sababu mwenzangu mmoja aliona mishale iko chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi akadhani ringi za pistoni zimekwisha. Katika kazi hii tunachokitafuta ni mishale minne isome sawa. Namba yenyewe haina uzito mkubwa.

Siku ya kwanza nilizifunga geji zote kama zilivyotoka, nikazungusha skrubu za kabureta mpaka zikasoma sawa, na pikipiki ikatetemeka kuliko mwanzo. Hapo ndipo nilipoamua kuzijaribu geji zenyewe. Nilinunua viungio vya T vya plastiki, vile vya mipira ya umwagiliaji wa matone, nikaziunganisha geji zote nne kwenye tundu moja tu la silinda ya kwanza, ili zote zivutwe na pumzi moja. Ya kwanza na ya pili zilisoma 24, ya tatu 22, ya nne 26. Tofauti ya sentimita 4, kwa mvuto uleule! Injini ilipozimwa mishale yote ilirudi kwenye sifuri kwa unyenyekevu kabisa, na hilo ndilo linaloweza kumpotosha mtu, maana sifuri kuwa sawa hakuthibitishi kwamba 24 nayo ni sawa. Kila geji ina skrubu ndogo usoni ya kusogezea mshale. Badala ya kuitumia kuweka sifuri, niliitumia kuifanya mishale yote isome 24 wakati injini inanguruma kwenye sailensi, yaani mahali ambapo kazi itafanyika, nikaacha sifuri ziachane zitakavyo. Tangu siku hiyo narudia jaribio hilo kila ninapozitoa kisandukuni, na kila mara nakuta moja imehama kidogo.

Vibanio vya mipira navyo vinataka subira. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kwa mkupuo, kisha valvu hufunga na mvuto hukoma, hivyo mshale wa geji iliyounganishwa na silinda moja hucheza kwa kasi hadi usionekane isipokuwa kama kivuli. Ukikibana kibanio mpaka mshale utulie tuli, utapendeza macho lakini utakuwa unaonyesha hali ya sekunde kadhaa zilizopita, nawe utazungusha skrubu ukidhani haijafanya kitu, kisha utajikuta umepitiliza. Mimi nakibana mpaka mshale ubaki na mtetemo mdogo, kama upana wa punje ya mtama, na kuuacha hapo. Kibanio kimoja kati ya vinne kilikuwa kinavujisha hewa kwenye shingo yake tangu mwanzo, nikakibadilisha kwa kile cha mpira wa tangi la samaki.

Jambo ambalo wauzaji wa geji hawatalitaja ni kwamba kuna kifaa cha bei ndogo sana ambacho kwa usahihi kinaishinda seti hii, nacho ni mpira mweupe wa waashi, ule wanaoujaza maji kupimia usawa wa msingi kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine. Ukiukunja mpira huo kwa umbo la U kwenye ubao, ukatia mafuta mepesi ya injini sehemu ya chini, kisha ukaunganisha ncha moja kwenye silinda ya kwanza na nyingine kwenye ya pili, mafuta yatapanda upande wenye mvuto mkubwa na kushuka upande wa pili. Hapo hakuna springi ya kuchoka wala mshale wa kukwama. Sentimita 1 ya zebaki, ambayo kwenye geji ni mwendo mdogo wa kuhitaji miwani, ni sawa na takriban sentimita 13.6 za maji, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, kwenye mpira huonekana kama tofauti ya sentimita 15 hivi. Mzee jirani yangu, ambaye ni mwashi na ndiye aliyeniazima mpira wa kwanza, alikuja kuutazama ukifanya kazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, kisha akasema, "Kumbe injini nayo ina msingi wa kupimwa." Ni kweli, kanuni ni ileile.

Udhaifu wa mpira ni kwamba hauvumilii tofauti kubwa. Mara ya kwanza nilitumia mita mbili tu, na kabureta zilikuwa zimeachana sana. Niliona mafuta yakianza kupanda polepole upande wa kushoto, nikainama kuchukua bisibisi, na nilipoinua kichwa mpira ulikuwa mtupu. Mafuta yote yalikuwa yamenywewa na silinda ya kwanza, na moshi mzito ukatanda uani mpaka akina mama wa nyumba ya pili wakaanua nguo. Kwa kuwa yalikuwa mafuta mepesi na machache, injini iliyachoma ikaendelea salama, nami nikabadilisha plagi moja. Sasa natumia mita sita, na nalinganisha kwanza kwa makadirio kabureta zikiwa mezani, kwa kupitisha waya mwembamba uleule chini ya kila bataflai hadi zote ziushike kwa kiasi kimoja. Naomba pia mtu asishawishike kutumia zebaki kwenye mpira huo, ingawa ndiyo iliyotumika katika vipimo vya zamani vya karakana na huku mkoani kwetu si kitu kigeni kwa wanaofahamu machimbo ya dhahabu ya Nzega. Mvuke wake ni sumu kwa ubongo na figo, na ikinyonywa na injini hutoka kwenye ekzosi ikiwa mvuke huohuo, uani wanakocheza watoto.

Ni kipi basi kinachobaki kuwa faida ya geji? Ni silinda nne kuonekana kwa wakati mmoja, na usalama wa kutomeza chochote. Kwenye XJ600 kuna skrubu tatu za kulinganishia: moja huilinganisha kabureta ya kwanza na ya pili, nyingine ya tatu na ya nne, kisha ya katikati huzilinganisha jozi hizo mbili. Kwa mpira inabidi kuhamisha ncha kila hatua; kwa geji unaona mara moja kwamba ulipoigusa ya katikati, jozi ya kulia imekufuata. Kazi iliyonichukua asubuhi nzima kwa mpira naimaliza kwa dakika arobaini kwa geji, na muda huo una maana kubwa, kwa sababu injini hii hupozwa kwa upepo na haipendi kunguruma ikiwa imesimama kwenye joto la Oktoba. Naweka feni mbele yake, nafanya kazi nje chini ya mwembe ili moshi wa ekzosi usitulevye, na baada ya kila mguso wa bisibisi napiga resi kidogo ili bataflai zikae mahali pake kabla ya kusoma tena.

Geji haziponyi ubovu mwingine, na hili nimelishuhudia kwenye pikipiki ya mwenzangu ambayo mshale wa silinda ya tatu ulikataa kabisa kupanda. Nafasi za valvu zinapaswa kupimwa kwanza injini ikiwa baridi, plagi na chujio la hewa viwe safi, jambo ambalo kwa vumbi letu la kiangazi halingojei ratiba ya kitabu, na mipira inayounganisha kabureta na kichwa cha injini isiwe na nyufa. Ya mwenzangu ilikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Tuliupata kwa kunyunyizia maji kidogo injini ikinguruma, na sauti ikabadilika palepale. Kwa kuwa tangi lazima litolewe, mimi hutundika kidumu cha lita moja ya petroli kwenye tawi, juu ya usawa wa kabureta na mbali na ekzosi. Mpira wa vakyumu unaofungua koki ya tangi nao hung'olewa ili tundu lake litumike na geji, na ukisahau kuurudisha, pikipiki itakwenda mita mia chache kisha itazima kana kwamba mafuta yamekwisha.

Matokeo yananiridhisha. Mlio wa klachi umekwisha bila kuigusa tena klachi, sailensi imesimama kwenye mizunguko 1,200, na kioo cha pembeni, ambacho zamani kilinionyesha magari ya nyuma kama madoa, sasa kinasomeka. Baada ya miezi mitano nilipima tena nikakuta jozi ya kushoto imeachana kwa chini ya sentimita 1.

Ubora wa seti yenyewe ni wa wastani. Mipira imeanza kukauka na mmoja umepasuka kwenye ncha. Bamba na kulabu ni imara. Vioo vya geji ni plastiki inayokwaruzika. Mwenye silinda mbili nisingemshauri ainunue, kwani mpira wa mwashi wa shilingi elfu kumi hivi utamtosha na kumzidi. Mwenye silinda nne ainunue, lakini kabla ya kulipa achomeke mpira kwenye kila geji, avute hewa kwa mdomo mpaka mshale upande, aubane mpira kwa vidole na ahesabu hadi kumi. Geji ambayo mshale wake unashuka wakati huo inavuja, na airudishe palepale kaunta.