Kibanda umiza cha Ngarenaro: buku yako inaenda mpaka angani

Wana Arusha, kama Jumamosi usiku mmechoka kubishana mpira, kuna kibanda umiza kimoja huku Ngarenaro, jina sitaji na hata kibao hakina, kiingilio buku. Nimeenda juzi nikijua ni muvi za ngumi kama kawaida, kumbe mwenye kibanda kashusha video za NASA, shirika la anga la Marekani, walivyokuwa wanaandaa shato zao (space shuttle, vile vyombo vya kubeba watu vilivyokuwa vinaenda na kurudi, vikastaafu 2011) kurudi angani, nikataka kudai hela yangu ila baridi ya mwezi wa saba mnaijua, nikakaa.

Sijajuta aisee. Jamaa anatafsiri mwenyewe maiki mkononi, pakinoga anasimamisha picha. Mimi ni mtu wa gereji, sasa nilivyoona chombo kinatua halafu injini zote 3 zinashushwa zikaguliwe, kisha wanapita kigae kimoja kimoja cha kuzuia moto, na vigae vyenyewe ni zaidi ya 20,000, kila kimoja na namba yake na kata yake, cha kushoto hakikai kulia, halafu kila safari wanakiingizia dawa ya kuzuia maji kwenye kitundu chake, nikakumbuka Hiace tunazomwaga oili tu na kuzirudisha barabarani. Rekodi yao ni shato ya Atlantis mwaka 1985, toka iruke mpaka iruke tena siku 54. Mteja wangu siku ya pili tu ashaanza matusi.

Fundi tailizi mmoja nyuma akauliza mbona katikati ya vigae wameacha nafasi, watu wakamzomea akae, kumbe kauliza la maana! Bodi ya chini yake inatanuka na kusinyaa kuliko vigae vyenyewe, bila nafasi vingegongana. Mwenye kibanda akarusha video mpaka 2005, vitambaa vya kujazia hizo nafasi vimechomoza tumboni mwa shato ya Discovery, mwanaanga Stephen Robinson akapelekwa na mkono wa mashine mpaka chini kule akavivuta na vidole vya glavu, taratibu, kama mama anakutoa mwiba. Kibanda kimya. Halafu makofi.

Ya shato ya Columbia 2003 hakuiruka pia, kipande cha povu gumu la kufunika tenki kilivyotoboa bawa la kushoto wakafa watu 7. Hapo hakutafsiri sana.

Sasa lawama. Spika moja inakoroma, kahawa ya mlangoni imepoa, na Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ile ambayo kipande chake cha chini kinatua wima ambayo ndo machalii wengi waliifuata, kaikimbiza dakika kumi tu, kasema kipande hicho kilichokwishatumika kiliruka tena mara ya kwanza Machi 2017 basi, wanakiandaaje hajaonyesha, na mimi hapo ndo nilikuwa nimekaa mkao wa kula.

Nampa nyota 4. Jumamosi hii kaahidi Falcon peke yake, mwende kabla ya saa 2 maana benchi linalobakigi mwisho lina mguu wa tofali, ukicheka sana mnaanguka wote.