Balbu za LED nyumbani kwetu Makorora: miezi 11 sasa

Ukiacha ya chooni, nyumba yetu ilikuwa na balbu 5 za zamani, zile za waya, wati 60 kila moja. Zikiwaka masaa 5 kila usiku zinakula uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 45, hujagusa friji wala feni. Na umeme wenyewe karibu wote unaishia kuwa joto, kana kwamba Tanga joto limetupungukia.

Nikaenda Ngamiani kununua LED za wati 9, na nikachukua za bei ya chini kabisa. Usiku sebule ikawa kama imewashwa koroboi. Fundi akanicheka: wati ni umeme unaoliwa, mwanga unapimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama lumeni 800, na LED nzuri ya wati 9 inafika hapo. Boksi la zangu halikuandikwa lumeni hata moja. Siku hizi boksi la hivyo namrudishia muuzaji hapohapo.

Nyingine nilizonunua zilikuwa 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe pee. Mama akagoma kula: "Mwanangu, huyu samaki mbona kama hajakaangwa?" Nikaweka 3000K, ya njano kidogo, samaki akarudi rangi yake. Ile nyeupe nikaihamishia jikoni, kwenye kuchambua mchele inafaa sana.

Barazani ndiko nilikoumia. Taa ya pale imefunikwa globu ya kioo. LED ya kwanza ilikufa baada ya miezi miwili, ya pili hivyohivyo, na mwenye duka akakataa garantii, eti umeme wetu mbovu. Kumbe saketi iliyomo kwenye kitako cha balbu haivumilii joto lililofungiwa. Nikatoa kioo. Ya tatu ina miezi 7 inawaka, ingawa sasa upepo wa bahari umeanza kuila holda kutu.

Umeme ukishuka jioni, zilizoandikwa 220–240V zinapepesa. Ya 85–265V niliyoweka chumbani haitikisiki.

Enaji seva za mirija nilizipita tu. Zina zebaki ndani, na wanangu wanacheza mpira sebuleni.

Kwa hesabu ileile, balbu 5 za LED hazifikishi uniti 7 kwa mwezi. Ya chooni bado ni ya waya, inawaka dakika chache tu kwa siku. Ikiungua nitaibadilisha.