Matembezi ya historia Nairobi mjini: nendeni, ila Musunge apewe nafasi yake

Hawa jamaa wanatembeza watu mjini kwa miguu, wengi wanaenda kwa ajili ya majengo ya zamani lakini kwangu pesa yangu ilirudi pale nje ya Mahakama ya Juu, City Hall Way, guide aliposimamisha watu kivulini akaanza kesi ya Peter Poole. Kama huijui, Poole alikuwa injinia Mzungu, Oktoba 1959 akampiga risasi Kamawe Musunge, mfanyakazi wa nyumbani, eti kwa sababu aliwarushia mbwa wa Poole mawe. Jury ilikuwa Wazungu watupu na bado wakamkuta na hatia, rufaa ikagonga mwamba, ikabaki tu huruma ya Malkia, ambayo huku ilikuwa mikononi mwa gavana Sir Patrick Renison. Maombi ya kumsamehe yakasainiwa na maelfu.

Hapo guide akatugeukia: "Haya, gavana ni wewe, unamwachia au humwachii?" Weee, watu walibishana! Mama mmoja akasema kunyonga ni kunyonga, hata awe nani yeye hasaini, kijana akamrukia kwamba wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau zaidi ya 1,000 walinyongwa na kiongozi wao Kimathi hakuhurumiwa 1957, sasa huyu ahurumiwe kwa lipi? Guide akatuachia tubishane, kisha akaleta kesi ya Kitosh, 1923, kibarua Mwafrika aliyechapwa na mlowezi mpaka akafa na mlowezi akala miaka 2 tu jela. Ndo nikaelewa uzito wa ile saini ya gavana. Renison alikataa kumsamehe, Poole akanyongwa 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza Kenya kunyongwa kwa kuua Mwafrika. Mimi naona Renison aliangalia siasa, mkutano wa Lancaster House kule London kuhusu katiba ya Kenya ulishapita na uhuru ulikuwa unanukia, lakini hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi maana sheria ilikuwa ileile iliyowanyonga wengine.

Kinachoniuma, jina la Musunge lilitajwa mara moja tu, na picha iliyozungushwa ni ya Poole. Jamani aliyekufa ni nani hapa? Waanze na yeye, nimewaambia na wakanisikiliza vizuri. Halafu kundi lilikuwa kubwa mno, matatu zikipiga honi walio nyuma hawasikii kitu, watafute hata kaspika kadogo.

Guide mwenyewe nampa tano kwa tano. Bukini ya Jumapili asubuhi, magari yanakuwa machache, na msimame mbele.