Karakana ya 3D mjini Lubumbashi: bawa la Cessna limepigwa tupa

Wanafunzi wa Politekniki mnaotafuta pa kuchapia modeli za TFC (kazi ya kumaliza masomo), ile karakana ndogo ya 3D ya katikati ya mji wengi mnaijua. Jina silitaji. Nilipeleka modeli ya ndege ndogo Cessna 172 niliyoichora kwa FreeCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, skeli ya 1:20: mabawa 550 mm kutoka ncha hadi ncha, urefu 414 mm. Meza ya printa yao ni 220 kwa 220 mm, kwa hiyo kiwiliwili kilikatwa mbele 212 mm na nyuma 202 mm, kisha kila kipande kikapasuliwa kushoto na kulia ili kilale bapa. Kila bawa vipande viwili. Vyote vinatosha mezani.

Fundi akaweka ukingo wa kushikilia, ule utando mwembamba unaozuia kitu kisibanduke pembeni, wa 8 mm kila upande. 212 ukiongeza 16 ni 228, haviingii. Angepunguza ukingo hadi 3 mm, kazi imekwisha. Au angekilaza kipande mshazari, maana kutoka kona hadi kona meza ile ina 311 mm. Yeye akakipunguza kipande cha mbele hadi asilimia 95, vingine akaviacha vilivyo. Hakuuliza, na namba yangu ya simu iko kwenye risiti yake.

Asilimia tano inaonekana kidogo. Sikieni sasa. Bawa shinani lina upana wa 81 mm, kiti chake juu ya kabini kikawa 77. Tundu la fimbo ya chuma ya 5 mm lilichorwa 5.2 ili fimbo iteleze; likatoka 4.94, fimbo haipiti. Na pale kipande cha mbele kinapokutana na cha nyuma pana ngazi unayoihisi kwa kidole.

Nilipomwonyesha akachukua tupa, akaanza kulila bawa ukingo wa mbele! "Bana ya masomo munasumbuaka sana. Ndeke ni ndeke, itaingia." Nikamwambia, "Patron, acha, acha kwanza." Hakuacha.

Profaili ya bawa la Cessna 172, yaani umbo lake ukilikata na kulitazama kwa ubavu, ni ya aina iitwayo NACA 2412: mpindo asilimia 2 ya upana, kilele chake asilimia 40 kutoka mbele, unene asilimia 12. Kwenye upana wa 81 mm, mviringo wa ukingo wa mbele una nusu kipenyo cha kama 1.3 mm tu. Ukiondoa 4 mm pale, profaili imekufa, umebaki na kipande cha ubao. Halafu akadai pesa kamili ya kuchapa upya.

Haki yao niwape: printa yenyewe inafanya kazi nzuri sana. Mabawa waliyachapa yakiwa yamesimama, matabaka ya 0.2 mm yakifuata profaili bila mikwaruzo. Ukingo wa nyuma ulinenepeshwa hadi 0.8 mm kwenye mchoro, kwa sababu pua ya printa ya 0.4 mm, inakotoka plastiki, haichori kitu chembamba kuliko mstari wake, nao ulitoka mzima hadi nchani. Umeme ulikatika usiku na betri zao zikaibeba printa.

Kwa hiyo ukienda, usipeleke faili la mchoro la aina ya STL peke yake. STL ni namba tupu, haisemi kama ni milimita au inchi; toa faili la 3MF, lenyewe linabeba kipimo. Andika kwenye karatasi: vipande vyote asilimia 100, ukingo wa kushikilia 3 mm, tundu 5.2 mm. Beba kalipa (kipimo cha kupimia vipenyo), pima tundu lile kabla ya kutoa hata dola moja. Ukifanya hivyo utapata kazi safi kwa bei ambayo mwanafunzi anaiweza.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mabawa. Lakini bawa la kushoto liko hapa mezani, ukingo wake wa mbele umekuwa bapa kama rula, na siku ya kutetea TFC imekaribia. Nyota moja. Pesa ya kuchapa upya silipi.