SmallsLIVE: jazi ya New York sebuleni kwangu saa nane usiku

Wadau wa jazi, hii kitu msiipite. Smalls ni kaklabu kadogo tu, kako chini ya ardhi pale Greenwich Village New York, kalifunguliwa 1994, ndo kule marehemu Roy Hargrove alikuwa anajitokeza na tarumbeta lake usiku mnene kupiga na vijana. Sasa wanarusha shoo laivu mtandaoni kwa jina la SmallsLIVE, na ng'ambo tu ya barabara kuna klabu ndugu yake, Mezzrow, huko mambo ya piano zaidi.

Tatizo ni saa jamani, wao wakianza saa moja na nusu jioni huku Dar ni saa nane na nusu usiku, miezi ya baridi yao inasogea mpaka tisa na nusu, na asubuhi kuna daladala na bosi. Mi nimeamua kuegemea zaidi akaivu, yaani hazina ya shoo zilizopita, wameanza kurekodi tangu 2007 na ni bahari kabisa, unaingia kutafuta mpiga dramu mmoja unatoka na wengine kumi ambao hukuwahi kuwasikia, halafu kinachonifurahisha zaidi wanamuziki wenyewe wanapata mgao kulingana na wanavyosikilizwa. Siyo ile ya kupigwa bure.

Kwenye grupu letu la watsap tunapangana, mmoja analinki seti, wote tunasikiliza, kisha tunabishana mpaka bando linakata. Vaa hedifoni, spika ya simu inaua besi yote.