Uzoefu wangu na takwimu za urudufishaji za Berkeley DB: kutosubiri rekodi si kwenda sambamba

Naipenda Berkeley DB, maktaba ya hifadhidata inayoingizwa ndani ya programu, na ningeichagua tena kesho. Ila kuna jambo moja kuhusu takwimu zake za urudufishaji (kunakili data kutoka kompyuta moja kwenda nyingine) ambalo natamani kila anayeanza nayo alijue mapema. Takwimu hizo ni nyingi, ni za kweli, na hakuna hata moja kati yake inayojibu peke yake swali ambalo mwenye biashara atakuuliza: tawi langu liko nyuma kiasi gani? Jibu lipo, lakini ni lazima ulisome kwenye vituo viwili, yaani kompyuta mbili zenye nakala, kwa wakati mmoja. Nilipokubali hilo, kazi ikawa nyepesi.

Mfumo ninaouhudumia ni wa bei na akiba ya dawa za jumla. Ghala kuu liko Mwanza, matawi yako Sengerema, Geita na Bukoba. Programu imeandikwa kwa C na hifadhidata imo ndani ya programu yenyewe. Hakuna seva ya hifadhidata ya kuwasha, kulinda wala kuboresha pembeni. Kila tawi lina nakala kamili kwenye kompyuta yake, kwa hiyo muuzaji wa kaunta akitafuta bei ya dawa ya mseto au tarehe ya mwisho wa matumizi ya boksi fulani, anaisoma palepale hata kama mtandao umekatika tangu asubuhi. Kwa mikoa yetu hilo ni jambo kubwa. SQLite na LMDB nazo ni kazi safi na nazitumia kwingine, lakini zenyewe hazina urudufishaji ndani yake. Berkeley DB inao.

Natumia toleo la 5.3, lile linalokuja na Debian. Kuanzia toleo la 6.0, la mwaka 2013, Oracle, wamiliki wake, walibadilisha leseni kuwa AGPL, yenye masharti makali zaidi, na usambazaji mwingi wa Linux ukabaki na 5.3. Ninayoyasema hapa ni ya toleo hilo, likiwa na Replication Manager, yaani sehemu inayobeba yenyewe kazi ya mawasiliano kati ya vituo.

Utaratibu ni rahisi kuueleza. Kuna masta mmoja tu (kwangu ni Mwanza), na huyo peke yake ndiye anayeandika. Wengine wote ni klaienti na wanasoma. Kila badiliko masta analiandika kwanza kwenye logi (daftari la mabadiliko), kisha rekodi hiyo ya logi inatumwa kwa klaienti ambao wanaiandika kwenye logi zao na kuitekeleza. Kila rekodi ina anwani iitwayo LSN, nayo ina namba mbili: faili ya logi, na mahali ndani ya faili hiyo. LSN za klaienti ni zilezile za masta. Ukilielewa hili, umeelewa zaidi ya nusu ya takwimu zote.

Kuziona, unaandika `db_stat -r -h` kisha njia ya saraka ya mazingira yako, yaani mahali Berkeley DB inapohifadhi faili zake. Ndani ya programu unaita `rep_stat`. Zitashuka namba nyingi. Mambo mawili uyajue kabla hujaweka amri hiyo kwenye kroni (ratiba ya kazi za kujiendesha). Kwanza, kama programu yako imefungua mazingira kwa `DB_PRIVATE`, `db_stat` haitaona kitu kutoka nje, maana kumbukumbu ile ni ya mchakato mmoja tu. Pili, `db_stat` ikiwa kazini usiiue kwa `kill -9`. Inajiunga na mazingira yaleyale yanayotumiwa na programu yako, na inatakiwa ipewe nafasi ya kujitoa vizuri. Ukitaka kuisimamisha, itumie SIGINT.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Kuna takwimu iitwayo `st_waiting_lsn`. Inakuonyesha rekodi ya kwanza ambayo klaienti ameipokea baada ya pengo, ikimaanisha kuna rekodi zilizotangulia ambazo bado anazisubiri. Ikiwa sifuri, hakuna anachosubiri. Jirani yake ni `st_log_queued`, idadi ya rekodi zilizowekwa foleni kwa sababu ya pengo hilo. Mtu akiona zote mbili ni sifuri, haraka atasema tawi liko sambamba na makao makuu. Hapana.

Jioni moja, bei mpya ziliingizwa Mwanza kwa mkupuo dakika chache kabla ghala halijafungwa. Mtandao wa Bukoba siku hiyo ulikuwa mzito, haukukatika ila ulikuwa unajikokota. Foleni ya ujumbe wa kutoka kwa masta kwenda Bukoba ikajaa, na ujumbe uliofuata ukatupwa. Hii si hitilafu. Replication Manager imejengwa hivyo, na inaihesabu kwenye takwimu zake kwa jina `st_msgs_dropped`, kwa sababu kilichopotea kinatarajiwa kuombwa tena na klaienti. Lakini klaienti ataombaje asichojua kuwa kimepotea? Fikiria kitabu. Ukurasa wa katikati ukichomolewa, utaugundua mara moja, maana 40 inafuatiwa na 43. Kurasa za mwisho zikichomolewa, utafunga kitabu ukidhani umekimaliza. Bukoba ilikosa kurasa za mwisho. Ghala likafungwa, masta hakuandika tena chochote, na usiku kucha takwimu za Bukoba zilikuwa tulivu kabisa: hasubiri kitu, hana foleni. Asubuhi muuzaji wa Bukoba akapiga simu kabla Mwanza hawajafungua: "Kaka, mbona bei za jana huku hazijafika? Mteja amesimama hapa."

Namba iliyosema ukweli ilikuwa `st_next_lsn`. Kwa masta, hiyo ni LSN itakayotumika kwa rekodi ijayo. Kwa klaienti, ni LSN anayoitarajia. Chukua mfano: Mwanza inasema 41/7340112 na Bukoba inasema 41/7291840. Faili ni ileile, tofauti ni baiti 48,272, na masta hajaandika kitu tangu jana. Basi Bukoba iko nyuma, hata kama yenyewe inakuambia haisubiri chochote. Ndiyo maana nasema takwimu ya kituo kimoja haitoshi. Klaienti anaeleza kwa uaminifu kile anachokijua, na asichokijua yuko nacho masta.

Dawa yake imo ndani ya Berkeley DB yenyewe, ila imezimwa mpaka uiwashe. Ni mapigo ya moyo, `DB_REP_HEARTBEAT_SEND` kwa anayetuma na `DB_REP_HEARTBEAT_MONITOR` kwa anayesikiliza. Zote mbili zinaanza zikiwa sifuri. Ukiziwasha, masta asiyekuwa na kazi anaendelea kutuma ujumbe mdogo kila baada ya muda, na klaienti anapata nafasi ya kujua kwamba logi ya masta imefika mbali kuliko ya kwake. Weka muda wa kusikiliza uwe mrefu kuliko wa kutuma, na kwa mtandao wa simu uwe mrefu kwa kiasi cha kutosha. Kwa mtandao wa aina yetu, mapigo ya moyo ningeyafanya kuwa sharti la kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu hesabu ya LSN: namba ya faili ikitofautiana, huwezi kutoa tu mahali kwa mahali. Faili ya logi ikiachwa kama ilivyo ina ukubwa wa megabaiti 10, kwa hiyo nachukua tofauti ya faili, nazidisha kwa ukubwa huo, kisha nakokotoa mahali. Ni makadirio, kwa kuwa faili haijai hadi baiti ya mwisho, lakini yanatosha. Na ukubwa wa pengo haunishtui sana. Ninachokiangalia ni kama pengo linapungua. Skripti yangu inasoma mara mbili kwa kupishana kidogo. Tawi lililo nyuma sana lakini linasogea, naliacha lifanye kazi yake. Tawi lililo nyuma kidogo lakini limeganda, hilo ndilo ninalolipigia simu.

Namba ya tatu ninayoithamini ni `st_log_duplicated`, rekodi zilizopokelewa zaidi ya mara moja. Kwenye mtandao wa waya ofisini huwezi kuijali. Kwenye modemu ya simu ina maana ya fedha. Klaienti akiona pengo anasubiri kidogo kabla ya kuomba, na kusubiri huko huanzia mikrosekunde 40,000, yaani milisekunde 40, kisha kunaongezeka hadi sekunde 1.28. Data kwenda Mwanza na kurudi kwa mtandao wa simu mara nyingi inazidi milisekunde 40. Matokeo yake klaienti anaomba kitu ambacho tayari kiko njiani, kinamfikia mara mbili, na kifurushi chako kinalipa mara mbili. Ukiona `st_log_requested` na `st_log_duplicated` zinapanda pamoja, ongeza muda kwa `rep_set_request`. Kwangu marudio yalipungua waziwazi.

Halafu kuna ile ninayoiogopa kweli: `st_pg_records`. Kama klaienti amekaa nje muda mrefu na masta ameshafuta logi alizozihitaji, logi haiwezi tena kumfikisha. Hapo masta anamtumia hifadhidata nzima, ukurasa kwa ukurasa, na wakati hilo linaendelea tawi haliwezi kusoma data yake kama kawaida. Kwa kaunta yenye foleni ya wateja, hali hiyo ni mbaya kuliko kuwa na bei za jana. `st_pg_records` ikianza kupanda Geita bila mimi kuongeza kompyuta mpya huko, maana yake logi zinafutwa mapema mno Mwanza. Kwa hiyo siruhusu ufutaji wa kujiendesha wa `DB_LOG_AUTO_REMOVE` kwa masta. Skripti inatafuta kwanza `st_next_lsn` ya tawi lililo nyuma kuliko yote, na faili yoyote kuanzia hapo haiguswi.

`st_perm_failed` inapatikana kwa `repmgr_stat`. Inahesabu mara ambazo masta alikamilisha muamala bila kupata uthibitisho wa kutosha ndani ya muda, na muda huo usipoubadilisha ni sekunde moja. Zingatia mambo mawili. Muamala wenyewe haurudi nyuma. Kwa masta umeshakamilika, unachoambiwa ni kwamba usalama wake kwingine haujathibitishwa. Na ukitumia sera ya kawaida ya akidi (idadi ya vituo inayotosha kuthibitisha), wanaohesabiwa ni vituo vinavyoweza kuchaguliwa kuwa masta. Matawi yangu yote nimeyapa kipaumbele 0 ili yasichaguliwe kamwe. Anayeweza kuchaguliwa ni kompyuta ya akiba iliyo jengo jingine hapohapo Mwanza. Kwa mpangilio huo, `st_perm_failed` ikiwa sifuri haikuambii lolote kuhusu Bukoba.

Uchaguzi wa masta na vizazi (namba inayopanda kila masta mpya anapoingia) nitavipita haraka. `st_dupmasters` ibaki sifuri, ikipanda acha kila kitu uangalie. `st_gen` iwe sawa vituo vyote. Na `st_startup_complete` isome mara tu tawi linapowashwa, ili programu isije ikaonyesha bei kabla tawi halijamaliza kujisawazisha.

Malalamiko yangu? Hakuna historia: unapata hali ya sasa tu, kuweka kumbukumbu ni juu yako. Majina ya namba ni mafupi mno na mgeni atahitaji nyaraka pembeni, ingawa nyaraka zenyewe ni nzuri. Alama ya `DB_STAT_CLEAR`, inayorudisha kaunta kwenye sifuri baada ya kusoma, naiona ni hatari pale panapokuwa na wasomaji wawili, maana mmoja anamfutia mwenzake. Mimi naziacha kaunta zipande na natoa ya zamani kwenye mpya.

Na hakuna sekunde. Baiti 48,272 ni dakika ngapi? Takwimu hazisemi. Nilichofanya ni kuweka rekodi moja ndogo ambayo masta anaiandika saa yake ndani yake kila dakika. Tawi linaisoma kwenye nakala yake na kutoa kwenye saa ya kwake, na jibu linatokea kwenye kona ya skrini ya kaunta: bei hizi ni za dakika ngapi zilizopita. Kwa kuwa masta haishiwi cha kuandika, pengo la mwisho wa siku nalo linagunduliwa ndani ya dakika hiyo. Gharama yake ni data kidogo usiku kucha na sharti moja: kompyuta zote zifuate NTP (huduma ya kusawazisha saa kwa mtandao), la sivyo Bukoba itaonekana imeitangulia Mwanza.